Kanda Ilikuwa Bado Inazunguka: Maisha ya Tadeusz Gorzelak wa Kapusta, 1958–2025

Tadeusz Gorzelak, ambaye karibu nyote mlimwita Tadek, alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Februari 1958, hapa Hamtramck, Michigan, akiwa kifungua mimba wa Mzee Bolesław Gorzelak na Mama Jadwiga. Habari zilimfikia baba yake akiwa kanisani, naye akabaki mpaka baraka ya mwisho ndipo akaenda kumwona mwanawe, jambo ambalo Mama Jadwiga alilikumbusha kila Krismasi kwa miaka arobaini. Miaka mitatu baadaye alizaliwa mdogo wake wa pekee, msichana aitwaye Halina, na tangu hapo ni vigumu kueleza habari za mmoja bila kumgusa mwingine.

Alianza shule ya msingi ya parokia mwaka 1964 na kumaliza sekondari Juni 1976. Masomo hayakumkataa, ila yeye aliyakwepa. Kwenye kwaya alidumu majuma sita, kwa sababu alimaliza kila wimbo kabla ya wenzake. Gitaa alijifundisha mwenyewe, kwa gitaa kuukuu lililobaki na nyuzi nne. Alipoanza kupata mshahara alinunua mbili zilizokosekana, akasema haoni tofauti kubwa.

Julai 1976 aliajiriwa kiwanda cha magari, idara ya ekseli, akapangwa zamu moja na Otis Bramlett, kijana wa upande wa mashariki wa Detroit. Urafiki wao ulianza kwa kugombania redio na haujaisha hadi leo. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980. Kuanzia mwaka uliofuata hadi 2019 Tadek alikuwa fundi wa redio na amplifaya katika duka dogo la mtaa wa Joseph Campau. Wengi mlioko hapa mlimletea vitu vibovu, na vingine bado havijarudi. Lorraine anaomba mpitie gereji mvichukue.

Bendi ilianza Mei 1979 katika gereji ya Mama Jadwiga. Tadek alishika gitaa na kuimba, Otis akashika besi, Halina akapewa ngoma kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine nyumbani. Waliiita Kapusta, yaani kabichi kwa Kipolandi, maana walipiga katikati ya mapipa ya mama ya kabichi ya kuchachusha, na harufu ile ilitoka nao hata kwenye kumbi. Muziki wao ulikuwa panki ya gereji: gitaa lenye mikwaruzo, nyimbo fupi, hakuna kubembelezana. Mama aliwaachia gereji kuanzia baba anapoondoka kwenda zamu mpaka chakula cha jioni, basi. Hapo ndipo ilipotoka sheria yao. Wote watatu wanapiga pamoja, kanda inazunguka, na wimbo unarudiwa mara tatu tu. Ukiharibika mara ya tatu unatupwa, hata uwe mtamu namna gani. Kwa sheria hiyo walitoa santuri mbili, ya 1982 na ya 1991.

Tarehe 22 Septemba 1984 Tadek alifunga ndoa na Lorraine Kubacki. Wazee waliomba polka, dansi ya jadi, na Kapusta wakapiga polka kwa mwendo wao. Baba mkwe aliponyanyuka kutoka sakafuni alimwendea bwana harusi.

“Mwanangu, hii polka inakimbilia wapi?”

“Nyumbani, baba. Bibi harusi amechoka.”

Mungu aliwajalia binti mmoja, Monika.

Mwaka 1998 Bwana Saleh al-Qadri alihamia nyumba ya nyuma akitokea Yemen. Siku ya tatu alibisha hodi kwenye gereji.

“Jirani, kelele zenu sina neno nazo. Ila mbona mnazianza ninaposwali?”

“Unaswali saa ngapi?”

“Mara tano.”

“Mara tano? Basi tuletee ratiba, ndugu yangu, tusije tukaenda motoni kwa kutojua.”

Ratiba ile ipo mlangoni mwa gereji mpaka leo. Bwana Saleh huibadilisha kila mwezi, na kwa miaka ishirini na sita Kapusta walifanya mazoezi kwa kuitazama.

Novemba 2021 madaktari waligundua kuwa mapafu ya Tadek yalikuwa yakikakamaa. Akawekewa nyumbani mashine ya oksijeni yenye mpira wa kuvaa puani. Aliuliza swali moja tu: anaweza kukaa muda gani bila mpira ule puani? Daktari akamwambia dakika mbili, na hizo akiwa ametulia. Tadek akarudi nyumbani akaanza kuandika nyimbo za chini ya dakika mbili. Zilifika kumi na moja, na wa kumi na moja tu ndio uliozidi kidogo. Albamu akaiita Dakika Mbili Tu.

Waliirekodi Oktoba 2024, siku nne, kati ya alasiri na magharibi. Alivua mpira, akaimba, akauvaa tena. Nyimbo kumi zilikwenda vizuri. Ule wa kumi na moja uliharibika mara ya kwanza, ukaharibika na ya pili. Mara ya tatu, kwenye ubeti wa mwisho, Tadek alipauka akainamia mlingoti wa maikrofoni. Halina akaacha kupiga. Katika miaka arobaini na mitano hakuwahi kusimama katikati ya wimbo, hata siku jukwaa lilipodidimia. Palikuwa kimya sekunde tisa. Kisha Tadek, bado ameinama, akasema:

“We Halina, nani kakwambia usimame?”

“Nilidhani unakufa.”

“Nikifa nitakwambia. Hesabu.”

Otis akasema, “Mara tatu zimeisha, mzee.”

“Kanda imesimama?”

“Bado inazunguka.”

“Basi ni mara ileile. Hesabu, Halina.”

Akahesabu hadi nne, wakamalizia ubeti.

Baadaye Halina alimwomba akate kipande kile, kwa kuwa mkasi na gundi ya kanda vilikuwepo. Alimwambia, “Kaka, dunia nzima itanisikia nikiogopa.”

“Hukuogopa?”

“Niliogopa.”

“Basi si uongo. Kaa nacho.”

Hawakuelewana, na kanda ikapelekwa kwenye kiwanda cha santuri kama ilivyo. Hilo halikumtoka Halina moyoni majira yote ya baridi.

Jumanne ya paczki, maandazi ya Kipolandi ya kabla ya Kwaresima, tarehe 4 Machi, Tadek alikula mawili ya jemu na kuomba la tatu. Jioni ileile Bwana Saleh alimletea sambusa za futari, nazo akala. Jumanne iliyofuata, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, alifariki akiwa kitini kwake, Lorraine amemshika mkono. Halina alikuwa ametoka kununua mkate wa ngano nyeusi. Tadek alikuwa ameahidi kumwambia. Hakumwambia.

Jumatano binti wa kiwanda cha santuri alipiga simu. Alisema kuna kosa mwishoni mwa upande wa pili: muziki unakatika, halafu watu wanazungumza. Wakate, au waache? Wanataka jibu kabla ya mchana. Sasa hapakuwa na mtu wa kumkatalia Halina. Otis, aliyekuwa mezani akimenya viazi, alisema, “Mimi ni besi tu. Mwenye ngoma ni wewe.”

Halina aliomba apigiwe kipande chenyewe kwa simu. Akasikiliza zile sekunde tisa. Akamsikia kaka yake akiuliza nani kakwambia usimame. Akaomba apigiwe tena, kisha akasema, “Hilo si kosa, mwanangu. Acheni hivyohivyo.”

Santuri ya majaribio imefika jana. Itapigwa leo ukumbini baada ya maziko, saa tisa na nusu. Bwana Saleh amekwisha kuangalia ratiba.

Marehemu ameacha mjane, Lorraine. Binti, Monika, na mumewe, Craig. Wajukuu wawili, Stefan na Wanda. Rafiki yake wa miaka arobaini na tisa, Otis. Na dada yake, Halina, ambaye amemsamehe kwa kutokumwambia.

Apumzike kwa amani Tadek wetu, mpira puani hauhitajiki tena. Wimbo wa mwisho utakaponyamaza, tafadhali msinyanyuke. Kanda bado inazunguka.