Ndevu Mlangoni kwa Kinyozi

— Samaki hana goti, Turubali. Ataugua vipi asichonacho?

— Swali langu ni moja tu, Profesa. Umewahi kumwona samaki anachechemea?

— Nimekwambia hana miguu.

— Na mafuta je, hana? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ndiyo maana mafuta yake yanakunjua vidole.

Profesa alipuliza kahawa, akapangusa tone lililoshuka ndevuni. Benchi lao liliegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, chini kabisa ya dirisha. Profesa alikuwa fundi saa, na jina hilo alilipata kwa kusoma maandishi ya kila kopo lililopita mbele ya macho yake. Turubali aliuza mitumba. Alikuwa mpana kiasi kwamba mvua ikinyesha angeweza kuufunika mzigo wote kwa mwili wake. Bi Birika aliwauzia kahawa, maoni akawapa bure. Na ndani ya dirisha, akichemsha maji ya kunyolea na kusikia kila neno, alikuwepo mwenye vidole vyenyewe: kinyozi, Mkono Mwepesi.

Jina hilo alipewa enzi ambazo mteja alisinzia kitini akaamka kanyolewa. Siku hizi vidole vyake viliamka vimevimba na kukakamaa kama vipande vya tangawizi, na kabla ya kushika kitu alivilowesha kwanza kwenye maji moto. Kliniki walimwambia uvimbe huo si wa kupita, wakampa dawa na siku ya kurudi. Halafu wembe ukateleza kidevuni kwa Turubali. Turubali alicheka, akasema hata mbu huuma zaidi. Kesho yake akaleta kopo la mafuta ya samaki. Profesa hakukubali kushindwa, akaleta vidonge vya manjano, binzari tupu. Tangu hapo rafu ya kioo ilijaa makopo, na dawa za kliniki zikasukumwa nyuma, kwa sababu Profesa alishatoa hukumu.

— Fahali wawili hawakai zizi moja. Ukimeza ya mizizi, ya hospitali ipumzike.

Kinyozi akaipumzisha, na siku ya kurudi ikapita. Hakuwa na kazi nyingine duniani ila hii ya mkono, na mtu anayeshikwa na maji hachagui kamba.

Nje, mambo yalikuwa yanapanda. Profesa alieleza kwamba mwili una walinzi. Mwizi akishaondoka, walinzi wengine hawaelewi, wanaendelea kupiga rungu na kuvunja milango ya nyumba wanayoilinda. Uvimbe ndio huo. Bi Birika alikiri kwamba hapo amesema neno la maana. Lakini Profesa hakujua kushuka akishapanda: rangi ya manjano, akasema, ndiyo rangi pekee ambayo walinzi hao huitii. Turubali akajibu kwamba mlinzi hatishwi kwa rangi, huteleza. Mmwagie mafuta ya samaki tu, aanguke mwenyewe. Bi Birika akauliza kama basi asiimwage birika nzima ya tangawizi, wafe maji wote.

— Usicheke, mama. Mkono umeshapona ule. Mimi namwona kila siku, alisema Profesa.

— Umepona kabisa, Turubali akaunga mkono.

Kinyozi alisikia, moyo ukamtulia. Akakunja vidole taratibu. Vilikunjika nusu.

Hapo ndipo alipofika mgeni, mwanamume mwenye begi begani na tai iliyokunjwa mfukoni mwa shati. Aliwaamkia, akasema anataka kunyolewa, maana kesho anaanza kazi. Je, kinyozi wa hapa anaaminika?

— Utamtafuta mwingine usimpate, alisema Profesa.

— Ukikaa pale utasinzia, alisema Turubali. Mkono kama ule hakuna.

Mgeni akawatazama mmoja mmoja.

— Sasa mbona nyote mna ndevu?

Profesa alizifunika ndevu zake kwa kiganja. Turubali akaichungulia kahawa yake kana kwamba jibu limezama humo. Bi Birika alisema wasimtazame yeye, yeye hana ndevu.

Kinyozi alisimama na brashi mkononi. Turubali alikuwa amemwambia anafuga ndevu kwa kuwa mjukuu wake anapenda kuzivuta. Profesa alikuwa amemwambia hewa ya asubuhi imekuwa baridi. Yote aliyaamini. Aliyatazama makopo, na kwa mara ya kwanza akaona wazi yalivyokuwa: watu wawili wasioweza kumwambia ukweli, wakamletea chochote walichoweza kubeba. Hakuwakasirikia. Alizima jiko, akaufunika wembe kwa kitambaa safi, akachukua mfuko na kutia makopo yote ndani, na dawa za kliniki juu yake.

Alipotokea, Profesa alijaribu kusimama.

— Kaa, kaka, alisema kinyozi akiuvuta mlango nyuma yake. Ndugu mgeni, leo mkono wangu haufai shingo ya mtu. Vuka barabara, yule wa upande wa pili ni mzuri. Nami naelekea kliniki. Fahali wote nimewabeba, daktari aseme yupi alale nje. Na ninyi wawili, ndevu hizo msizipeleke kwingine.