Nicodemo Bura na Madaraja Yanayoitwa Fausta

Wazee wetu shikamooni, ndugu wote poleni na msiba, mimi ni Fausta, mtoto wa kwanza wa marehemu, na Baba aliniagiza nisome haya kwa mdomo wangu mwenyewe ili jambo moja liwekwe sawa kabla hajafunikwa.

Marehemu Nicodemo Bura alizaliwa Masieda tarehe 12 Machi 1948, akasoma hadi darasa la nne, akajifunza useremala Mbulu mjini, na tarehe 7 Agosti 1971 alifunga ndoa na mama yetu Angela, wakajaliwa watoto sita.

Mwaka 1977 alijenga daraja lake la kwanza la magogo kwenye mto huu tuliovuka leo, akaliweka chini mno, karibu na maji, kwa haraka ya kuvusha mahindi, na Aprili 1979 mafuriko yakalibeba, nami nikitoka shule nikakwama ng'ambo siku tatu, yeye asijue kama niko hai. Maji yalipopungua alinisimamisha juu ya jiwe, pale pale kimo cha maji kilipokuwa kimefika, akaniagiza ninyooshe mikono juu, na vidole vyangu vilipoishia akapiga msumari kwenye nguzo, ndipo akalaza magogo mapya.

Tangu hapo, kila alipoitwa kujenga, iwe Nambis au kwa wafugaji wa Hanang, alimwagiza fundi mwenzake Tomaso aweke magogo Fausta moja, yaani kimo changu cha siku ile na mikono juu, kupita alama ya mafuriko, na watu wakayaita madaraja yote ya juu fausta. Wanaosema ni neno la mababu, au la mapadre wa zamani, wamekosea, ni mimi, na shuleni nilitaniwa kwamba ninakanyagwa na ng'ombe wa wilaya mbili, nikamnunia Baba miaka mingi, jambo ninalolijutia leo.

Baba aliugua kisukari tangu 2016, akafariki Jumatatu tarehe 8 Aprili 2024, akiwa ameomba azikwe huku ng'ambo, kando ya kaburi la Mama. Mto umefurika tangu Jumanne, wengine wakatushauri tumzike upande ule, nikakataa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, jumuiya, mafundi wenzake, na vijana sita waliobeba jeneza darajani, juu ya maji yale, bila kulowesha kiatu, kwa maana nimeitazama nguzo wakati tunapita, yameishia kiunoni mwa yule mtoto wa mwaka 1979.

Baba, tumevuka wote, pumzika kwa amani.