Pua Imelegea

Benchi la ghala la nafaka la ushirika, mjini Zelenka, huku kwetu Nebraska, halina mwenyewe ila lina wenyewe. Mvua ikinyesha usiku, mashamba ya mahindi yakawa tope lisiloingilika kwa trekta, wazee hulijaza tangu asubuhi, kofia za kampuni za mbegu vichwani, sinia la kolachi, vile vimkate vya Kicheki vyenye jamu ya plamu, magotini kwa mmoja wao, na katikati birika la kahawa nyepesi, ukiitazama unaona chini ya kikombe. Mpini wa birika hilo hulegea kila siku, na kila siku Lumir Vavra huukaza. Ndiyo maana anaitwa Spana. Spana yenyewe hukaa mfuko wa nyuma wa suruali, hata kanisani huingia nayo, na siku ya harusi ya binti yake aliinama kwanza kukaza miguu ya meza ya keki ndipo akamkabidhi bibi harusi kwa mwenyewe.

Ijumaa hiyo, pembeni yake benchini, ilikaa roketi. Ilikuwa bomba la karatasi ngumu lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, mapezi ya mbao nyepesi chini, pua ya plastiki juu, na rangi ya zambarau iliyochuruzika upande mmoja. Mjukuu wake Josie ndiye aliyeiunda, na rangi ndiye aliyepaka. Kesho yake klabu ya vijana ingerusha roketi mbele ya waamuzi kwenye uwanja wa nyuma ya ghala, na Josie alikuwa huko na wenzake wakifunga kamba ya kuzuia watazamaji. Alimwachia babu yake mzigo huo kwa maneno machache.

—Uilinde tu, babu. Usiiguse.

—Nani, mimi?

—Niahidi.

—Haya, nimeahidi.

Na ahadi hiyo ilikuwa na uzito wake. Kila mtoto anaruhusiwa kuingia na mtu mzima mmoja ndani ya kamba, asimame naye wakati wa kurusha, na Josie alikuwa amemchagua yeye. Hapo ujue mwaka jana Spana alimharibia mjukuu. Josie alitengeneza kibanda cha ndege kwa ajili ya maonyesho ya wilaya, Spana akapita usiku "kukiweka sawa kidogo", na mwamuzi alipomuuliza mtoto kwa nini katumia skrubu hapa na si msumari, Josie akabaki anamtazama babu yake. Akapewa utepe mweupe, ambao huku kwetu mtu hupewa kwa sababu amefika. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimpa babu yake mgongo, akitazama nje ya dirisha la gari. Mgongo ule ulimkaa Spana moyoni msimu mzima wa baridi, na sasa kuitwa ndani ya kamba kulimfurahisha kuliko alivyotaka watu wajue.

Hasa Redio. Redio, jina lake Emil, ndiye babu wa pili wa Josie, mzaa baba, na yeye hakuchaguliwa.

—Mtoto wa siku hizi, alianza Redio akitafuna kolachi, mpe nyundo, atakuuliza inachajiwa wapi.

—Sawasawa, akajibu Laddie, ambaye huafikiana na yeyote aliyesema mwisho, na ndiyo maana jina lake la benchini ni hilohilo, Sawasawa.

—Hawana mikono hawa. Wana vidole tu, vya kubonyeza.

—Josie ana mikono, alisema Spana. Hii kaitengeneza mwenyewe.

—Naona. Redio akanyoosha kidole, akaigusa roketi kwenye ncha. Mkwe! Pua inacheza.

—Usiguse!

—Sijagusa. Nimepitisha kidole. Lakini inacheza. Imelegea.

Angesema roketi inaungua, Spana angevumilia. Angesema imeibwa, angekaa. Lakini hilo neno la kulegea! Mkono wake ulishafika mfuko wa nyuma kabla kichwa hakijajua, na ilibidi aukalie.

—Imelegea kiasi gani? aliuliza kwa sauti ya chini.

—Kama jino la mtoto.

Rubani akakohoa. Rubani alipata jina hilo kwa kuwa ujanani alitumikia kambi ya ndege za kivita, na huwa hasemi alitumikia wapi ndani ya kambi mpaka akumbushwe.

—Mimi nimeishi na roketi, bwana. Kule kwetu kambini hakikuwepo kitu cha kulegea. Hata kimoja.

—Ulikuwa jikoni unamenya viazi, alisema Redio.

—Na visu vyetu mipini yake ilikaza!

—Sawasawa.

—Mjue na hili, aliendelea Redio. Kiwanda kinauza pua zimelegea makusudi. Inadondoka, unanunua nyingine. Ndivyo walivyotufanyia kwenye vifuniko vya matangi.

—Afadhali idondoke chini, alisema Rubani. Ikichomokea angani? Upepo huu unaipeleka moja kwa moja zizini kwa Sedlacek. Ng'ombe akipigwa utosini na kitu kutoka mbinguni anakata maziwa. Na si yeye peke yake, anawaambia wenzake.

—Anawaambiaje?

—Kwa macho. Wewe hujafuga, utajua wapi?

—Ng'ombe si kitu, alisema Redio, na alisogea mbele, dalili kwamba habari yenyewe ndiyo inakuja. Kuna setilaiti juu yetu sasa hivi. Inaijua roketi kwa pua. Ikiona kitu kinapanda hakina pua, haielewi, inapiga simu. Kesho asubuhi king'ora cha kimbunga kinalia, mji mzima tunajifungia chini ya nyumba, mbingu nyeupe kabisa, na yote kwa sababu ya mjukuu wetu.

—Acha kamba zako, alisema Spana, lakini aliangalia juu.

—Sawasawa, alisema Laddie, naye akaangalia juu.

—Jamani, kwani hamwoni? Rubani alipiga goti lake. Ni mtego! Waamuzi wanawapa watoto pua zilizolegea kusudi, waone nani atakaza. Atakayekaza ndiye anapata utepe wa zambarau. Wengine wote, weupe.

Hapo benchi zima lilimgeukia Spana. Utepe mweupe ulikuwa umetajwa mbele yake.

—Nimeahidi, alisema.

—Umeahidi nini? aliuliza Redio taratibu.

—Kuilinda.

—Sasa unalinda nini, mkwe, kama pua inadondoka ukiwa umekaa hapohapo unaitazama?

Haki ya Mungu, mahakama ya wilaya haina wakili kama huyu. Spana aliitazama roketi, akautazama uwanja kule nyuma ambako watoto walikuwa wadogo kwa umbali, akasema ataangalia tu. Akaishika pua. Ikatoka bila ubishi wowote, ikining'inia kwenye mpira mwembamba, na nyuma yake likafuata parachuti la plastiki lenye nyuzi, na nyuma ya parachuti karatasi laini nyeupe zilizofinyangwafinyangwa.

—Panya! alipiga kelele Rubani.

Usiwacheke. Hapa hakuna mtu ambaye panya hajawahi kumjengea ndani ya mashine. Rubani mwenyewe walimtafunia nyaya za mashine ya kuvunia wakati wa mavuno, akashinda wiki nzima anatukana. Karatasi zilizochanwa ndani ya bomba ni kiota, mjadala umekwisha. Redio akazichokoa zote kwa kijiti cha kukorogea kahawa, akazitupa kwenye pipa la taka, na kila mmoja akajisikia amemwokolea mtoto jambo kubwa.

Parachuti lilimpa Rubani nafasi ya kung'aa. Alilikunja katikati, akalikunja tena, akalilaza.

—Hivyo ndivyo linavyokunjwa kambini.

—Hivyo ndivyo inavyokunjwa aproni, alisema Redio.

—Na uliwahi kuona aproni yangu imelegea?

Wakalisukuma ndani. Spana akaenda kwenye gari lake la mizigo, akarudi na gundi ya chuma, ile ya mirija miwili, inayoziba hata injini iliyopasuka. Akachanganya juu ya kifuniko cha sinia. Mikono yake ilitulia kabisa, kama haijawahi kuahidi mtu kitu chochote. Akapaka shingo ya pua pande zote, akaisukuma, akaizungusha, akafuta iliyochuruzika kwa kitambaa chake, na wote wanne wakakaa wakiilinda kama yai mpaka gundi ikashika. Kisha akaijaribu. Haikucheza. Raha iliyompanda Spana pale sina namna ya kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kukaza kitu.

—Sasa hiyo ndiyo roketi, alisema.

—Sawasawa!

Josie alitokea upande wa mizani ya malori, matope mpaka magotini, amebeba bunda la kamba begani. Aliwasalimu babu zake wote wawili, akawasalimu na wengine, akaichukua roketi. Aliitazama. Palikuwa na alama ya jamu ya plamu kwenye ncha.

Akaishika pua, akavuta. Akavuta tena. Akaibana roketi kwapani, akavuta kwa mikono miwili.

—Haichezi tena, alisema Redio kwa furaha. Usiogope.

Josie aliinua kichwa.

—Babu, alimwambia Spana. Parachuti litatokea wapi?

Spana aliinamia roketi. Akautazama ule mwisho wa chini wenye injini ya baruti, akautazama mwisho wa juu uliozibwa na gundi inayoziba injini zilizopasuka. Hapakuwa na mwisho wa tatu. Alimgeukia Redio, Redio akamgeukia Rubani, na Rubani akakumbuka kwamba yeye alikuwa jikoni.

—Baruti ikimaliza kuipandisha, inapuliza kwa ndani, alisema Josie polepole, kama anaongea na wadogo zake. Pua inatoka, parachuti linafunguka. Pua inatakiwa ilegee. Niliipiga msasa siku mbili mpaka ikalegea vizuri.

—Sawasawa, alisema Laddie kwa mazoea, kisha akatamani ardhi immeze.

—Na zile karatasi ni za kuzuia moto, parachuti lisiungue. Zimo?

Hakuna aliyelitazama pipa la taka, na kwa jinsi walivyokuwa hawalitazami, Josie akaenda moja kwa moja kulichungulia. Alirudi, akasimama mbele ya benchi. Hakulia. Spana alitamani angelia.

—Mwamuzi akiniuliza kesho nani katengeneza hii, nimwambie nini?

Watu hawa wana jibu la bei ya mahindi, la mvua ya mwezi ujao na la setilaiti. Rubani akamsogezea mtoto sinia la kolachi.

—Nitaikata shingo usiku huu, alisema Josie, niifunge bomba jingine.

—Naweza kuku...

Spana alijisikia mwenyewe, akameza neno.

—Kesho nije? aliuliza.

—Njoo, babu. Ukae nje ya kamba, na wenzako. Ndani nitasimama mwenyewe.

Akaondoka na roketi yake kifuani.  Wa kwanza kupona alikuwa Redio.

—Unaona? Watoto wa siku hizi hawasaidiki.

Hata Laddie hakuitikia. Redio akalinyanyua birika ajimiminie, likayumba mkononi, yakatoka matone machache ya mwisho.

—Mkwe, mpini umelegea tena.

Mkono wa Spana ulikwenda mfuko wa nyuma, ukafika, ukaishika spana yenyewe. Kisha ukarudi mtupu gotini.

—Uache, alisema.