Mfalme Aliyelazwa Mapema

Kwenye benchi letu, nyuma ya jengo la orofa tisa hapa jijini Yerevan, sheria ya sataranji ni moja: anayeshindwa anampisha mwingine. Kwa hiyo mtu mzima akiona mambo yameanza kumwendea kombo, anamlaza mfalme wake ubaoni, ndiyo kusema amekubali kushindwa, na kuinuka. Kungoja mpaka mfalme azingirwe kabisa tunaita utoto, na tena unawacheleweshea wenzako zamu. Jumamosi hii hakuna aliyecheza, tulikuwa na kesi. Smbat, fundi viatu, kesho ana mchezo wake wa kila mwaka na Garnik wa ua wa pili, mtu aliyemshinda miaka kumi na tisa mfululizo, na mwezi ujao Garnik anahamia Marseille kwa mwanawe. Smbat haombi ushindi. Anaomba mara moja tu asirudi nyumbani kainamisha kichwa, na mimi ninayewasimulia namwombea hivyo hivyo.

SMBAT: Jamani, nisaidieni. Hii shule ya sataranji ya kwenye simu ina milango miwili. Mmoja, unajichagulia masomo. Wa pili, yenyewe inaangalia unavyokosea, halafu inakupangia. Mimi wiki sita nimejichagulia. Masomo arobaini!

Profesa akaweka kikombe chini. Huyu ni Vahan, fundi wa lifti. Jina hilo alipewa kwa kusoma kitabu kimoja mara tatu.

PROFESA: Arobaini ya nini?

SMBAT: Mashambulizi.

PROFESA: Yote?

SMBAT: Liko moja la farasi.

PROFESA: Farasi anafanya nini?

SMBAT: Anashambulia.

Aliyecheka zaidi ni Mkrtich, tunayemwita Redio. Ukikaa naye dakika mbili utajua kwa nini.

REDIO: Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima!

PROFESA: Hiyo ni ya wavivu, we. Smbat kasoma masomo arobaini.

REDIO: Basi kinyozi hajinyoi. Chagua unayotaka, zote ninazo.

SMBAT: Sikilizeni kwanza. Juzi nikaingia mlango wa pili. Unajua nimepewa nini? Mfalme mtupu! Mimi nina mfalme peke yake, mwenzangu ana mfalme na askari mmoja. Eti, "Endelea kuanzia hapa." Miaka hamsini nacheza, naletewa mambo ya darasa la pili!

PROFESA: Ngoja, ngoja. Smbat jan, ndugu yangu, hata mimi ninayo shule hiyo, na imenipa wafalme na askari.

REDIO: Hata mimi.

Tukaweka simu tatu pamoja juu ya benchi. Kweli, wafalme na askari, zote tatu. Redio akaigeuza yake kifudifudi.

REDIO: Inatusikiliza. Inajua tunakaa benchi moja.

PROFESA: Haisikilizi. Inapima kidole kinavyobonyeza. Ukisita, inajua unaogopa nini. Mke wangu miaka thelathini na nne hajui nikidanganya, hii imenijua kwa siku mbili!

REDIO: Mkeo anajua, Vahan. Anakuonea huruma tu.

PROFESA: Toka hapa!

REDIO: Mimi nasema humo ndani wamekusanywa mabingwa wote waliokufa. Wanatuona, wanatikisa vichwa.

PROFESA: Au ni Garnik! Kajificha humo, ampotezee Smbat siku ya mwisho kwa vifalme vitupu!

SMBAT: Mimi nawauliza mlango gani, nyinyi mnaniletea Garnik! Kesho ni kesho, jamani.

Akainama kwenye simu yake, akakunja uso.

SMBAT: Halafu... huu mchezo naujua. Ni wangu huu! Alhamisi, humu humu kwenye simu, na mtu wa Peru. Hapa ndipo nilipomlaza mfalme.

PROFESA: Yaani imekurudisha palepale ulipoinuka?

REDIO: Mungu wangu.

Tukaupanga mchezo ule kwenye ubao wetu wa mbao. Profesa akawa mtu wa Peru, Smbat akabaki na mfalme wake mtupu. Wakati huo Shushan, nesi aliyehamia orofa ya tatu wiki iliyopita, alikuwa ametoka na bakuli la zabibu, akasimama kutazama. Profesa akaja kulia, Smbat akamkabili uso kwa uso. Profesa akasukuma askari, Smbat akataka kukimbilia pembeni. Alipolijaribu hilo kwenye simu, simu ikakataa, ikamwambia arudi nyuma moja kwa moja. Akarudi. Askari akafika mstari wa mwisho kasoro mmoja, akakwama hapo. Profesa akasogeza mfalme kumlinda, na mfalme wa Smbat akawa hana pa kukanyaga wala hajatishwa na yeyote.

PROFESA: Sare. Kwa sheria, hapo hakuna aliyeshinda.

SMBAT: Haiwezekani.

PROFESA: Sare, Smbat jan. Hukuwa umeshindwa.

Nilisisimka mwili mzima, sioni haya kusema. Tumekaa hapo tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, tukijisifu tunajua sataranji, kumbe hakuna kati yetu aliyewahi kuufikia mwisho wake. Kitu kisichowahi kuketi nasi ndicho kilichoona. Smbat hakutuuliza tena. Alibonyeza mlango wa pili, na simu ikamwonyesha masomo mengine kumi na moja, yote ya wafalme na askari.

REDIO: Asiyejua maana...

PROFESA: Leo nyamaza, ndugu yangu.

Shushan akaweka bakuli la zabibu kando ya ubao.

SHUSHAN: Samahani, baba. Mimi sataranji nilisoma shuleni tu. Huyo Garnik, zile mara kumi na tisa, mfalme wako alizingirwa vipi?

Smbat akamgusa mfalme wake aliyesimama ubaoni.

SMBAT: Sijui, binti yangu. Sikuwahi kungoja nikaona.