Mama Luciana na Kofia ya Karani

Karani alimtukana mama mzee mbele ya watu thelathini, na mama akacheka. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa ajili ya yule aliyechelewa kuvuta kiti: alitukanwa, akacheka, na kwa kucheka kwake akafunguliwa mashtaka.

Mama huyo ni Luciana binti Mughwai, wa Mgori, Singida. Amefariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake. Umri wake hakuna anayeujua. Mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa mwaka wa nzige, ila hakusema ni nzige wa mara ngapi.

Jioni hii nitawasimulia habari zake. Nimekwenda Mgori, nimekaa na binti yake, Esta. Nimezungumza pia na karani mwenyewe. Ndiyo, karani yule yule. Alikuwepo msibani, na mtasikia alichokifanya.

Mama Luciana aliolewa Mgori akiwa msichana. Mume wake alikuwa mtundika mizinga kule msituni. Mume alirina asali, mke alikamua na kuyeyusha nta. Nta huyeyushwa kwa moto wa kuni, siku nzima, na moshi wake haubanduki kwenye nguo hata ufue mara tatu. Mama Luciana alinuka moshi wa nta maisha yake yote, na hakuona aibu. Nta hiyo aliipeleka mjini, dukani kwa Hirji. Wengi wenu mnanisikiliza muda huu mkiwa kwenye baraza la duka hilo hilo, kwa sababu redio iko pale.

Mume akafa. Mama akabaki na Esta, wajukuu wawili, na shamba la ekari nne. Watu wanne, ekari nne. Shika hesabu hiyo.

Sasa tuje mwaka 1952, mwezi wa Oktoba. Ardhi ilikuwa kavu, na shamba lilitakiwa lilimwe kabla ya mvua ya Desemba. Mjane na binti yake hawawezi kulima ekari nne kwa mikono yao. Kwetu dawa yake inajulikana. Unapika pombe ya uwele, unawaita majirani, wanakuja na majembe alfajiri, jua likipanda shamba limekwisha, wanakunywa, wanaimba, wanakwenda zao. Watu ishirini na wawili walikuwa wamemkubalia. Lakini pombe ilitaka kibali. Ukipika bila kibali, vyungu vinavunjwa na wewe unalala ndani.

Kwa hiyo Mama Luciana akaenda kutafuta kibali. Ofisi yenyewe siitaji jina. Kila mmoja wenu ana ofisi yake ya namna hiyo. Kutoka Mgori ni siku moja ya kwenda kwa miguu, siku moja ya kungoja, siku moja ya kurudi. Siku tatu kila safari.

Alifika, akapanga foleni katika chumba chenye watu thelathini. Mezani alikuwa kijana mmoja, Chrispin, Msukuma, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Kofia yake ya pama, mpya, ilining'inia kwenye msumari ukutani. Zamu ya Mama Luciana ilipofika, saa nne hivi, Chrispin hakuinua uso. Akasema:

"Kikongwe, unanuka moshi kama fisi aliyelala jikoni. Nani kakuruhusu kuingia humu? Toka mbele yangu."

Watu thelathini wakageuza shingo. Mama Luciana akacheka.

Wasikilizaji wapendwa, mnajua kwa nini alicheka. Msukuma na Mnyaturu ni watani. Mtani akikuita fisi, hiyo ni salamu. Unamrudishia kubwa zaidi, kisha unachukua kitu chake, naye anakikomboa kwa kuku. Mama Luciana akafikiri, kumbe ofisini nako kuna watu. Akashika kiuno, akasema:

"Msukuma mla michembe ya viazi wewe! Meno yameisha kwa michembe, leo unanusa wenzako? Mama yako alikutupa njiani, fisi wa Unyaturu ndio waliokuokota wakakupeleka shule!"

Kisha akazunguka meza, akaitungua ile pama ukutani, akaivaa.

Esta alikuwepo. Anasema: "Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama alitembea mle ofisini na kofia kama chifu. Mimi nilikuwa namtazama karani. Karani hakucheka."

Chrispin hakuwa anatania. Hapo ndipo penye kosa. Mama alisikia utani, kumbe lilikuwa tusi. Chrispin aliniambia mwenyewe, msibani, bila kuficha. Asubuhi ile mkubwa wake alikuwa amemwita "boi" mbele ya tarishi, kwa sababu ya wino uliomwagika. Akasema: "Tusi lile nililibeba kuanzia saa moja. Nikamtwika yule mama."

Askari akaitwa. Mama Luciana akashtakiwa kwa mambo mawili: kumtukana mtumishi wa serikali, na kuiba kofia. Kofia ikafungiwa kabatini kama ushahidi. Na kibali? Kibali hakitolewi kwa mtu mwenye kesi. Narudia: hakuna kibali mpaka kesi iishe. Hakuna kibali, hakuna pombe. Hakuna pombe, hakuna majembe.

Safari ya pili, Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya aliyesikiliza kesi, alikuwa ziarani. Safari ya tatu alikuwepo, lakini faili lilikuwa limekwenda Dodoma. Lilifuata nini Dodoma, hakuna aliyejua. Mimi niliishia darasa la pili, labda ndiyo maana sielewi mafaili, lakini naona yanasafiri kuliko watu. Safari ya nne faili lilikuwa limerudi, ila ufunguo wa kabati la kofia alikuwa nao mtu aliyekwenda likizo.

Safari hiyo ya nne Chrispin alimfuata mama nje, mkononi ana karatasi mbili. Moja ilikuwa kibali, kimeshapigwa mhuri. Nyingine alisema ni stakabadhi tu. "Weka kidole hapa, uchukue kibali chako, tuachane."

Mama Luciana hakujua kusoma. Lakini hakuwa mtu wa kuweka kidole ovyo. Akaichukua ile karatasi mpaka dukani kwa Hirji, akamwambia asome. Hirji akavaa miwani, akasoma mara mbili, akaikunja.

"Mama Esta, hii si stakabadhi. Hapa unakubali wewe umetukana, wewe umeiba, na unaomba msamaha."

"Na yeye ameandika nini kuhusu alichoniambia?"

"Yeye hapa hayupo kabisa."

Ilikuwa katikati ya Novemba. Esta alimsihi mama yake. Maneno yake nayatoa kama alivyonipa: "Nilimwambia, Mama, weka kidole. Kidole ni kidole. Mawingu yale pale. Akaniambia, nikiweka kidole hiki, kesho kila mama anayeingia mle ataitwa fisi, na akilalamika ataambiwa, hata yule wa Mgori alikubali kosa." Wakarudi Mgori mikono mitupu. Njiani mama alijikwaa kwenye jiwe, ukucha wa dole gumba ukang'oka. Akaufunga kwa kipande cha kanga, akaendelea kutembea.

Safari ya tano, ya sita, ya saba, ya nane. Sitawachosha. Bwana Shauri mgonjwa, Bwana Shauri na wageni, Krismasi, faili tena. Mvua ilianza tarehe tano Desemba. Wale majirani ishirini na wawili wakaenda kwenye mashamba yao, na nani angewalaumu? Mama na Esta wakalima wenyewe walipoweza.

Safari ya tisa ilikuwa Januari. Kesi ikasikilizwa. Kofia ikatolewa kabatini. Panya walikuwa wamezaa ndani yake. Bwana Shauri, Mwingereza kijana, akaishika kwa vidole viwili, akaiweka mezani, akamuuliza mama ana la kusema.

Mama Luciana akasema: "Shikamoo, Bwana. Nina swali moja tu kwa karani. Siku ile alikuwa ananitania, au hakuwa ananitania? Kama alinitania, nami nilimtania, na kofia ni yangu mpaka aikomboe kwa kuku. Kama hakunitania, basi alimtukana mama mzee mbele ya watu thelathini. Achague."

Bwana Shauri akamgeukia mkalimani. "Utani ni nini?"

Mkalimani akafikiri sana. "Bwana, ni ruhusa ya kutukana."

"Ruhusa hiyo inatolewa na ofisi gani?"

Baraza zima likaangua kicheko. Esta anasema hata askari wa mlangoni aligeukia ukuta. Mama Luciana akajibu mwenyewe: "Haina ofisi, Bwana. Ndiyo maana inafanya kazi."

Bwana Shauri alikuwa na haraka ya kwenda kula. Akamwambia Chrispin, "Sema ulitania, tumalize." Angalieni hapo, wasikilizaji wapendwa. Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, na karani angetoka msafi, mama angepata kibali chake, wote waende nyumbani.

Chrispin akamtazama yule mama. Akautazama mguu wake, ule uliofungwa kipande cha kanga. Akasema, "Sikutania, Bwana. Nilimtukana." Kisha akatoka nyuma ya meza, akainama mbele ya watu. "Shikamoo, mama."

Mama Luciana alimwacha ameinama kidogo. Esta anasema hakuwa na haraka hata chembe. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Inuka. Na hii kofia yako yenye panya ichukue, mimi si mchafu kama wewe." Huo sasa ulikuwa utani, na safari hii kila mtu aliujua.

Kesi ikafutwa na kibali kikatolewa, ila msimu wa kulima ulikuwa umeshapita. Chrispin alipewa barua ya onyo. Alikuja Mgori na jembe, siku mbili alizoomba ruhusa. Mama alikuwa akimwambia kila aliyepita njiani, "Mtazameni Msukuma, analima kama anaandika barua!" Tangu mwaka ule hakukosa kuja wakati wa mavuno, na kila akija kofia yake ilitunguliwa, na kila mara ilikombolewa kwa kuku.

Jumatano iliyopita tulimzika Mama Luciana. Kabla ya jeneza kutoka ndani, Chrispin alilala kifudifudi mlangoni. Ana mvi sasa. Akapiga kelele: "Huyu bibi ni mwizi wa kofia! Hazikwi hapa mpaka nilipwe!" Watu waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Esta akamletea jogoo. Akainuka, akajifuta vumbi, akashika jembe, akaungana na wachimbaji. Safari hii alichimba vizuri.

Kwa Esta, kwa wajukuu, kwa ndugu wote wa Mgori: poleni sana. Mungu amlaze mahali pasipo foleni. Na kwenu ninyi mtakaokaa nyuma ya meza kesho asubuhi, nasema bila kuzunguka: inueni uso mtu anapofika. Haihitaji mhuri. Nasi tulio mbele ya meza, tujipime pia, maana na sisi tuna matusi tunayoyabeba kutoka kwingine na kuwatwika wasiohusika.

Nilimuuliza Esta kama mama yake aliwahi kujuta. Akasema: "Alisema ilikuwa ghali. Alisema angelipa tena, ila angechagua mwaka wa mvua nyingi."

Basi gharama yenyewe ni hii, kama Esta alivyonihesabia kwa vidole. Safari tisa. Siku ishirini na saba. Ekari nne, ikalimwa moja na nusu. Magunia sita ya uwele hayakuvunwa. Mbuzi watatu wakabadilishwa kwa mtama, ili watu wanne wafike mwezi wa Juni. Na ukucha mmoja, wa dole gumba la mguu wa kulia, ambao haukuota tena.