Kelele Ndani ya Pikipiki ya Ami Shuai

Pale Zabid, kwenye kona ya soko la samli, kuna kitanda cha kamba ambacho miguu yake imezama mchangani kwa uzito wa uongo wetu. Asubuhi tunakikalia watatu: mimi, Hizam tunayemwita Waya, fundi umeme aliyekonda, na Mubkhut, muuza tumbaku, tuliyempa jina Jeneta kwa sababu akishawaka hazimiki. Tunakunywa kahawa ya maganda yenye tangawizi. Siku hiyo Ami Shuai alifika na pikipiki yake ya abiria ikilia kama debe la misumari. Huyu, kabla hajaanza kubeba abiria, ndiye aliyekuwa fundi wa pikipiki wa mji mzima. Injini yako aliijua kwa sikio kabla hujakata kona. Akaketi kwetu, akaiacha inanguruma, akachukua kikombe.

— Plagi hiyo, akasema Waya.

— Plagi haigongi, nikamwambia. Sikiliza ubavuni. Ni cheni ya taimingi, imelegea.

— Cheni si ile ya tairi?

— Ya ndani, bwana, ile inayoendesha valvu. Ikiruka meno, valvu zinagongana na pistoni. Hapo injini kwisha.

Jeneta akawaka:

— Mafuta! Siku hizi petroli inatiwa maji ya tende. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Inahusu nini hiyo?

— Tangi si liko juu? Basi usiiname! Au kuna mjusi kwenye eksozi. Binamu yangu kule Bajil alitoa ukoo mzima, na mama mkwe wao.

— Jeneta, kunywa kahawa.

— Au inamlilia mwenyewe wa kwanza. Chuma nacho kina moyo. Damu nzito kuliko maji.

— Kuliko oili, akasema Waya.

Tukacheka. Ami Shuai akatutazama, naye akacheka.

— Ami, izime, utaiua! nikapiga kelele.

— Nzima hii, akajibu kwa sauti ya mnadani. Imetulia kama maji mtungini.

Siku zote jibu lake ndilo hilo, nasi tukamwita mbishi. Na pikipiki ile ndiyo shamba lake, ndiyo ng'ombe wake.

Akaja Taqiya, mama aliyehamia mtaani karibuni, na chupa yake ya kuwekea kahawa. Akasimama nyuma ya mzee.

— Ami, inagonga ukiwasha tu, au mpaka ipate moto?

Ami Shuai hakugeuka. Akamwuliza tena, kwa sauti zaidi. Hakugeuka. Taqiya akatutazama sisi.

— Huyu mzee anasikia?

Waya akainamia mchanga. Jeneta akazimika kabisa. Tunakaa naye kila asubuhi, bega kwa bega, na hakuna aliyewahi kujiuliza.

Nikamshika goti, nikamsogelea usoni, nikatamka polepole:

— Ami. Huisikii hiyo kelele?

Akatupitia nyuso zetu, mmoja mmoja, akitafuta mzaha uko wapi.

— Kelele gani?

Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya kava ya injini. Vidole vikatulia pale. Uso ukambadilika. Akachomoa bisibisi chini ya kiti, akagusisha ncha kwenye kava, mpini akauuma kwa meno, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa.

— Naisikia, akasema. Wallahi, naisikia kwa meno!

— Kama meno yanasikia, basi masikio yana dawa, akasema Taqiya. Baba yangu alikuwa hivyo hivyo, akatibiwa.

Ami Shuai akaizima. Akainama nyuma ya silinda, akazungusha injini taratibu mpaka pistoni ikafika juu, akalegeza nati ya kikaza cheni, akaiacha springi isukume, akafunga. Akawasha, akauma tena bisibisi. Akatikisa kichwa.

— Kikaza kimefika mwisho wake. Cheni yenyewe imerefuka. Hapa hakuna kukaza tena, ni kubadilisha.

— Na mjusi? Jeneta akamwuliza, uso kwa uso.

— Mjusi gani?

Tulicheka mpaka Taqiya akamwaga kahawa. Ami Shuai hakucheka. Alikaa ameishika bisibisi mapajani.

— Mke wangu, Mama Hadi, akasema. Tangu Shaabani najua amenuna. Naingia ndani, kimya. Nakula, kimya. Nikasema, basi, mwanamke amenichoka, nami nikamnyamazia. Lakini midomo yake ilikuwa inacheza. Mimi nikidhani anavuta tasbihi.

— Hakununa, Ami, akasema Waya, polepole, ili midomo yake isomeke. Nenda nyumbani.

Mzee akasimama, akanitia funguo mkononi, akashika njia kwa miguu. Alipofika kwenye magunia ya mtama akageuka, akatupigia ukelele ule wa mnadani:

— Sasa muda wote huo alikuwa akiniambia nini?