Siku Nilipowaamuru Ng'ombe kwa Sauti ya Babu

Wapendwa, shikamooni wote mnaostahili shikamoo. Na ile safu ya nyuma inayocheka kabla sijasema chochote, mambo vipi. Mchungaji amenipa dakika kumi, na nimeona amevua saa akaiweka mezani, maana ananijua. Nimesimama kuwaeleza nilivyoanguka na nilivyoinuka. Sitataja jina la mtu. Mzee nitakayemsema mtamtambua wenyewe: ndiye peke yake humu ndani aliyekaa kama amemeza fito.

Huyo ni babu yangu. Mimi na wadogo zangu wawili tunaishi naye, yeye na Bibi, kwa sababu mama yetu anafanya biashara Tunduma. Babu alipigana vita vya Uganda akiwa kijana. Alirudi huku milimani na koti la kijani, na sikio la kulia ambalo bomu lililifunga mpaka leo. Tangu hapo analima: kahawa huku juu, mahindi na maharage kule bondeni. Lakini jeshi halikumtoka. Kwetu kila asubuhi kuna gwaride. Tunajipanga uwanjani tunahesabu moja, mbili, tatu, na Bibi anaitikia "Nne!" kutoka jikoni. Asipoitika, Babu anaacha gwaride anakwenda kumwangalia kama ni mzima.

Kwa Bibi, ndugu zangu, mzee huyu hana ubabe hata kidogo. Mnamwona Jumapili anavyombebea mkoba. Siku moja vijana wa kijiweni wakamtania, "Mzee, siku hizi umekuwa mbeba pochi?" Akawajibu bila kupunguza mwendo, "Nilibeba bunduki mpaka Kampala. Pochi ya mke wangu ndiyo itanishinda?"

Sasa njooni kwa ng'ombe. Babu ana maksai wawili wa kulimia, Koplo na Sajenti. Wengine wanalima kwa fimbo na miluzi. Babu fimbo hataki, anasema askari haongozwi kwa kuchapwa. Anawalimisha kwa amri. Akisema "Kikosi, mbele tembea!" wanavuta plau. Akisema "Nyuma geuka!" wanageuka mwisho wa shamba bila kuguswa. Nimeona wanafunzi wenzangu wa kidato cha tatu wasioweza hilo.

Na mimi, wapendwa, nina kipaji. Naiga sauti. Mwalimu mkuu namuiga, gari la matangazo la Mlowo naliiga, Mchungaji… hilo tuliache. Lakini sauti ya Babu ndiyo niliyoimudu kuliko zote.

Ilikuwa mvua za kwanza. Babu ameshika plau, mimi nafuata nyuma nadondosha mbegu. Wakapita kina mama watatu barabarani. Babu akawasimamisha ng'ombe, akavua kofia, akaanza kuwauliza habari za nyumba moja baada ya nyingine mpaka za kuku. Mimi nikajibanza nyuma ya migomba. Nawaambia kweli, sikupanga. Mdomo ulifunguka wenyewe:

"Kikosi! Mwendo wa haraka, mbele tembea!"

Koplo na Sajenti hawakuuliza swali. Waliondoka na plau, wakapita katikati ya bustani ya Bibi, wakabeba kamba ya kuanikia na kitenge chake kikipepea kwenye pembe kama bendera, wakateremka mpaka mtoni. Maji yalipowafika magotini wakasimama, kimya, wakisubiri amri inayofuata.

Kina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye tope. Mimi nikatokea kwenye migomba na uso wa mtoto aliyetoka kubatizwa. Babu peke yake hakucheka. Alikuwa bado na kofia mkononi.

"Nani ametoa amri?" akauliza.

"Si ni wewe, mzee!" mmoja akamjibu, anafuta machozi. "Tumekusikia kwa masikio yetu!"

Akanigeukia. "Mjukuu wangu, na wewe umenisikia?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Kicheko cha wale mama kilikuwa bado kitamu. Nikasema, "Ni wewe, Babu."

Mjue mtu mwenye sikio moja hajui sauti imetoka upande gani. Babu alisikia sauti yake mwenyewe, akaambiwa na mashahidi wanne ni yake, na hakukumbuka kufungua mdomo.

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na gwaride. Nilifurahi, nikalala mpaka jua likanitoa. Siku ya pili tena hakuna. Siku ya tatu nikiwa nyuma ya jiko nikamsikia anamwambia Bibi, "Mama, unamkumbuka yule mwenzangu tuliyerudi naye? Alianza hivi hivi. Akawa anatoa amri peke yake barabarani, mwisho akawa hawatambui hata watoto wake. Vita vimenifuata." Kisha akamkabidhi Bibi panga na shoka. Akamwambia, "Ficha. Na usinionyeshe ulipoficha."

Ndugu zangu, mimi nilidhani nimewapoteza ng'ombe kwa dakika tano. Kumbe nilikuwa nimempotezea mtu kichwa chake.

Mngedhani nilikiri palepale. Wapi! Kila nikimkaribia nasema, "Babu, wewe ni mzima tu," ananipapasa kichwa ananiambia nina moyo mzuri. Majirani wakamaliza kupanda, mahindi yao yakachomoza, sisi shamba letu limelala na mifereji yake sita. Babu hataki kuwakaribia ng'ombe. Akizungumza ananong'ona, eti asije akaamuru kitu bila kujua.

Ndipo mkaja kumwombea. Wengi wenu mko hapa. Tulimzunguka tukashikana mikono, Mchungaji akakemea pepo la vita mpaka kola ikalowa. "Toka! Nimesema toka!" Wapendwa, pepo mwenyewe nilikuwa nimemshika Babu mkono wa kushoto, nasema Amina kuliko wote. Yule mama wa kwaya aliyeanguka mara mbili, naomba unisamehe. Hata goti lako limeniuma mimi.

Maombi yale hayakumtuliza. Aliamua sisi wajukuu tupelekwe Tunduma kwa mama, mpaka ajue kichwa chake kinaelekea wapi. Bodaboda zikaitwa mbili. Bibi analia jikoni, wadogo zangu wanashangilia kupanda pikipiki. Babu mwenyewe ndiye aliyefunga begi langu, kijeshi, hakuna kinachocheza, na juu akaweka karanga za kukaanga. Kisha akainama, akaninong'oneza:

"Wewe ndiye mkubwa. Ukisikia nimeharibikiwa kabisa, wadogo zako wasinicheke. Najua unajua kuchekesha. Wachekeshe kwa kitu kingine."

Nikaweka begi chini.

"Babu, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyewaamuru ng'ombe. Nilikuwa nyuma ya migomba."

Akatabasamu kwa huruma. "Mjukuu wangu, usinifariji kwa uongo. Mashahidi wapo."

Mwaona adhabu ya Mungu? Siku niliyodanganya niliaminiwa mara moja. Siku ninayosema kweli nahitaji ushahidi. Nikafunga macho, nikajaza kifua:

"Kikosi! Mwendo wa haraka, mbele tembea!"

Bibi akaangusha sufuria. Zizini kukasikika kishindo, Koplo na Sajenti wakatoka na mlango mzima wa zizi, wakawapita waendesha bodaboda, ambao nao waliondoka mbio bila abiria. Babu akamwangalia Bibi. Akashika mdomo wake mwenyewe kwa vidole, akahakikisha umefungwa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Machozi yananitoka, kamasi zinanitoka, na amri inatoka.

Alikaa chini kwenye begi langu, juu ya karanga. Akacheka? Hapana. Alilia, mzee yule, mbele ya wadogo zangu, na Bibi akaja akamshika bega. Baadaye sana akapangusa uso akasema, "Hiyo 'tembea' yako ni ya mgambo. Haina tumbo." Halafu akaita kwa sauti yake kamili, sauti ambayo hatukuisikia kwa wiki mbili: "Mama! Nirudishie shoka langu!"

Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye kahawa. Bibi akaniita, "Rudi wewe, anataka kutengeneza zizi!"

Adhabu nilipewa. Nililima bustani ya Bibi upya kwa jembe la mkono. Nilitembea na Babu nyumba kwa nyumba kwa wale kina mama, nikisema mwenyewe nilichofanya, na mmoja wao mpaka leo anabisha kwamba alimsikia mzee. Mahindi yetu ndiyo mafupi kuliko yote bondeni. Mkipita, msiulize.

Namshukuru Bibi, aliyenipa chakula siku ile ingawa alinipa ukoko. Nawashukuru nyote mliokuja kuomba, hata kama mlimkemea mtu asiye na kosa. Na wenzangu wa safu ya nyuma, nawaambia: kuchekesha sitaacha, msijidanganye. Lakini mtu akikuuliza kwa hofu, "Ni mimi?", kicheko kiishie hapo. Mjibu kweli papo hapo, wakati bado ni rahisi, kabla hajaanza kuficha mapanga yake.

Babu hajatoa amri hata moja mbele za watu tangu siku ile ya migomba. Nyumbani anatoa, ila hadharani bado anajishika. Kwa hiyo nasimama hivi, mguu sawa, na sikai mpaka nipewe ruhusa.

Babu, naomba kukaa.

…

Asante, Babu. Wapendwa, mmeniona mdomo umefungwa. Hiyo amri ilikuwa yake.